Usiiogope Mashini ya Kupima Hewa ya Boma Lako



Uwanja wa Maonyesho wa Jamhuri, unaoujua vizuri wewe uliyewahi kuja Nairobi kutazama ng'ombe wa zawadi, uko jirani na mtaa wa Woodley. Upande mmoja ni Kibera, upande mwingine ni Barabara ya Ngong, na hapo karibu ni soko la Toi. Asubuhi hewa ya sehemu hiyo ni nzito. Kuna moshi wa matatu, moshi wa makaa ya jikoni na moshi wa takataka zinazochomwa kando ya njia. Hata hivyo mtu wa mtaa huo, akiwa amekaa na kikombe cha chai yenye maziwa yako, husikia redioni kwamba ng'ombe ni mmoja wa maadui wa hewa ya dunia. Naye huamini, kwa sababu ameambiwa kuna mashini zinazopima.

Ni kweli, mashini hizo zipo. Tena nyingine haziko mbali. Ukifuata Barabara ya Ngong kutoka Woodley utafika Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ambako kwa miaka mingi maputo yamerushwa juu kupima hewa ya ozoni. Ukiingia Barabara ya Naivasha na kupita Kawangware, utafika Uthiru, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Ndani ya taasisi hiyo kuna kituo kiitwacho Mazingira. Kazi ya kituo hicho ni kupima hewa zinazotoka katika ng'ombe, katika mbolea ya boma na katika udongo wa Afrika.

Baadhi yenu katika skimu mwauliza: Je, wakipima hewa ya boma langu watanitoza kodi? Watanipunguzia ng'ombe? Maoni yetu ni haya. Usiikimbie mashini hii. Ikaribishe, lakini ikaribishe ukiwa na maswali mdomoni. Hesabu ya ng'ombe wako itaandikwa hata usipopimwa, na anayekosa kupimwa huandikiwa hesabu ya mtu mwingine.

HEWA ZENYEWE NI ZIPI

Hewa tunayovuta ni nitrojeni na oksijeni karibu yote. Hizo mbili haziletei dunia joto. Shida imo katika hewa chache sana zilizochanganyika humo, nazo zinazomhusu mkulima ni tatu.

Ya kwanza ni methani. Hii hutengenezwa na vijidudu ndani ya tumbo la ng'ombe anapocheua majani. Watu wengi hudhani hutoka nyuma. Sivyo, karibu yote hutoka mdomoni na puani, ng'ombe anapobeua na kupumua. Hutoka pia katika lundo la samadi lililoloana na kukosa hewa.

Ya pili ni oksidi ya nitrojeni, ile iitwayo nitrasi oksidi. Hii hutoka udongoni na katika samadi, vijidudu wanapobadilisha nitrojeni ya mkojo, kinyesi au mbolea ya dukani.

Ya tatu ni amonia. Hii unaijua kwa pua yako mwenyewe. Ndiyo inayochoma macho ukiingia katika zizi lililofungwa usiku kucha. Yenyewe haikai angani muda mrefu, lakini ikianguka mahali pengine sehemu yake hugeuka kuwa ile ya pili.

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, lile jopo la wataalamu wa serikali mbalimbali juu ya tabianchi, kilo moja ya methani katika miaka 100 huleta joto sawa na kilo kama 27 za kaboni dioksidi. Kilo moja ya nitrasi oksidi huleta joto sawa na kilo 273. Ndiyo sababu wataalamu wanaitafuta hata ikiwa kidogo sana.

Ni kidogo kiasi gani? Chukua mahindi. Tuseme kilo moja ina punje kama 3,000. Basi tani moja, yaani magunia kama 11 ya kilo 90, ina punje milioni 3. Weka punje moja ya manjano katika magunia hayo 11 ya mahindi meupe, ukoroge. Nitrasi oksidi katika hewa ya kawaida ni kama ile punje moja. Methani ni kama punje 6 katika magunia hayohayo. Mashini nzuri ya leza huiona punje ile moja. Tena hutambua ikiwa imeongezeka au kupungua kwa sehemu moja tu ya elfu.

LEZA HUONAJE KISICHOONEKANA

Yafaa mkulima aelewe kazi ya chombo hiki, maana kitu kisichoeleweka ndicho kinacholeta hofu.

Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa kioo, akaweka kipimajoto mbele ya kila rangi. Alipokiweka nje ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho haliona kitu, joto lilizidi. Akajua kwamba kuna mwanga mwingine usioonekana. Huo ndio uitwao infraredi. Ni mwanga uleule unaousikia usoni ukisimama mbele ya jiko la makaa, hata bila kuligusa.

Mwaka 1859 John Tyndall, mjini London, alipitisha joto la namna hiyo katika bomba lenye hewa mbalimbali. Nitrojeni na oksijeni ziliacha joto lipite. Mvuke wa maji na kaboni dioksidi ziliumeza mwanga huo. Kwa nini? Kila chembe ya hewa ni kama vijiwe vilivyounganishwa kwa kamba inayovutika. Huchezacheza kwa mwendo wake yenyewe. Mwanga ukija na mwendo uleule, chembe huumeza. Ukija na mwendo mwingine, huuacha upite. Ni kama ng'ombe wako: ukiita jina la mwingine hageuki, lakini ukiita jina lake huinua kichwa.

Majina ya hewa hizi yamo zaidi katika sehemu ya mwanga iitwayo infraredi ya kati. Ukigawa mita moja kwa sehemu milioni, kila sehemu ni mikroni moja. Methani huitika sana penye mikroni 3.3 na tena karibu na 7.7. Nitrasi oksidi huitika penye 4.5 na 7.8. Amonia huitika karibu na 10. Kaboni monoksidi, ile hewa ya jiko la makaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha, huitika penye 4.6. Kwa hiyo mwanga wa namna moja unaweza kutambua kosa la jiko la Woodley na kosa la boma la Kinangop, kila moja kwa jina lake.

Kilichokosekana kwa miaka mingi ni taa inayoweza kutoa mwendo mmoja tu wa mwanga katika sehemu hiyo, bila kuchanganya. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960, na Theodore Maiman, lakini mwanga wake ulikuwa mwekundu. Baadaye zilipatikana leza za infraredi ya kati, lakini nyingi zilitaka kupozwa kwa baridi kali ya nitrojeni ya maji, na nani atabeba mtungi huo mpaka Ol Kalou? Mwaka 1994 Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao katika maabara ya Bell Labs, Marekani, walitengeneza leza ya namna mpya. Waliipanga kwa matabaka membamba mno, mengi mfululizo, na umeme hushuka tabaka kwa tabaka kama maji yashukayo ngazi, ukitoa mwanga katika kila ngazi. Unene wa matabaka ndio unaoamua mwendo wa mwanga. Mwaka 2002 kundi la Faist huko Neuchâtel, Uswisi, lilionyesha kwamba leza hiyo yaweza kuwaka mfululizo bila baridi kali. Tangu hapo njia ya kwenda shambani ikafunguka.

Basi hivi ndivyo inavyofanya kazi. Pampu huvuta hewa na kuiingiza katika bomba lililofungwa. Kila mwisho wa bomba kuna kioo. Mwale wa leza hupigwa kati ya vioo hivyo, ukienda na kurudi mara nyingi sana, hata usafiri makumi au mamia ya mita ndani ya chombo kisichozidi sanduku la nguo. Mwishoni kuna jicho la kupimia linalotazama mwanga uliosalia. Mwanga ukipungua pale penye jina la methani, methani imo. Na kadiri ulivyopungua ndivyo ilivyo nyingi. Kazi yote ni ya sekunde moja au pungufu.

Njia ya zamani ingali inatumika, na ni nzuri. Kisanduku hufunikwa juu ya udongo kwa muda wa kama nusu saa, hewa huvutwa kwa sindano mara kwa mara, ikatiwa katika vichupa na kupelekwa maabara. Lakini kwa njia hiyo mtaalamu hupata picha chache tu za siku. Udongo haungoji. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, hewa hufoka kwa muda mfupi kisha ikatulia. Asiyekuwapo saa hiyo hataiona. Leza hukaa macho usiku na mchana.

HESABU YA WAGENI NA HESABU YETU

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe linalokuhusu. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nchi hutakiwa kuandika daftari la hewa inazotoa. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza hewa zake kwa sehemu 32 katika 100 ifikapo mwaka 2030, kuliko zitakavyokuwa tukikaa bila kufanya lolote. Huwezi kupunguza usichokijua, wala kusifiwa kwa kupunguza kama hesabu ya mwanzo ilikuwa ya uongo.

Zamani hesabu ilifanywaje? Nchi isiyo na vipimo vyake ilichukua kitabu cha IPCC, ikahesabu ng'ombe wake, ikazidisha kwa namba iliyoandikwa kitabuni. Namba nyingi zilitoka katika vipimo vya nchi za baridi, ambako ng'ombe hula nafaka na kulala juu ya nyasi zilizotiwa mbolea. Kitabu cha mwaka 2006 kilisema kwamba katika kila kilo 100 za nitrojeni iliyomo katika mkojo na kinyesi cha ng'ombe malishoni, kilo 2 hugeuka kuwa nitrasi oksidi. Mwaka 2016 watafiti wa ILRI walichapisha vipimo vya kinyesi na mkojo wa ng'ombe katika malisho ya hapa Kenya. Waliona kwamba kinyesi cha ng'ombe wetu hutoa kidogo sana kuliko namba ile. Mwaka 2019, baada ya vipimo vingi kukusanywa duniani, kitabu kilirekebishwa. Badala ya kilo 2 katika 100, ikawekwa nusu kilo isiyofika: 0.4. Namba ya zamani ilikuwa mara 5 ya hiyo.

Fikiri, ndugu. Kwa miaka kadhaa, kwa upande huo wa hesabu, ng'ombe wetu waliandikiwa deni mara 5. Aliyewasamehe si wakili wala mwanasiasa. Waliwasamehe watu waliopiga magoti malishoni na visanduku vyao wakapima.

Lakini mashini haina upendeleo, wala usidhani itakusifu kila siku. Mwaka 2020 watafiti waliotazama maboma katika nyika za Kenya walitoa habari iliyo kinyume. Boma ambalo mifugo hulala kila usiku hurundika samadi. Boma likiachwa, samadi ile huendelea kutoa nitrasi oksidi kwa miaka mingi. Waliona dalili zake hata miaka 40 baada ya kuachwa. Walikadiria kwamba maboma hayo ya nchi zilizo kusini ya Sahara yaweza kuongeza kama sehemu 5 katika 100 za nitrasi oksidi yote inayotokana na kazi za watu barani Afrika. Hilo halikuwamo katika hesabu. Yaani ng'ombe akitembea malishoni tulimwonea, lakini akirundika samadi bomani tulimsahau. Ukweli ukatoka pande zote mbili, na pande zote mbili una faida kwetu.

KINACHOPOTEA NI MALI YAKO

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya dunia. Mimi nina ada ya shule na deni la mbegu." Vema. Basi tuzungumze juu ya mfuko wako.

Methani ni chakula. Katika kila sehemu 100 za nguvu iliyomo katika majani anayokula ng'ombe wako, sehemu kama 6 au 7 hutoka mdomoni zikiwa methani. Hukupata maziwa kwazo, wala nyama. Mwaka 2020 watafiti wa ILRI walitoa matokeo ya madume ya Boran waliowekwa katika vyumba maalumu vya kupimia pumzi. Waliopewa chakula pungufu sana walitoa methani zaidi kwa kila kilo waliyokula kuliko waliolishwa vizuri. Basi ng'ombe aliyekonda hapunguzi kitu. Hula majani yako, huchafua hewa, wala hakupi lita. Ng'ombe 2 walioshiba, wenye maji karibu na dawa ya kupe, hufaa kuliko 5 wenye mbavu za kuhesabika. Bwana shamba amesema hivyo tangu zamani, nayo mashini yashuhudia upande wake.

Nitrojeni nayo ni mbolea. Hapa tuseme kweli, maana wengine hutia chumvi. Nitrasi oksidi yenyewe hubeba sehemu ndogo ya mbolea yako. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN una nitrojeni kama kilo 13. Kwa makadirio ya kawaida sehemu 1 tu kati ya 100 ndiyo itokayo kwa njia hiyo, yaani gramu kama 130. Hutafilisika kwa gramu hizo. Lakini moshi mdogo huonyesha moto. Nitrasi oksidi ikionekana kwa wingi, ni dalili kwamba udongo una nitrojeni ambayo mmea hauwezi kuipokea wakati huo. Nyingine inashuka na maji ya mvua kwenda mtoni.

Hasara kubwa ni ya amonia. IPCC hukadiria kwamba katika nitrojeni ya samadi iliyotiwa shambani au iliyoangushwa malishoni, karibu sehemu moja katika tano huruka hewani kwa njia ya amonia na nyingine kama hiyo. Fikiri umebeba mikokoteni 5 ya samadi kutoka bomani, na nguvu ya mkokoteni mmoja mzima imeruka kabla hujapanda. Kisha unakwenda dukani kuinunua kwa shilingi.

Kwa hiyo fanya haya, ambayo hayangoji mashini:

1. Funika lundo la samadi kwa majani makavu, udongo au karatasi ya nailoni, ulikinge na jua na mvua.

2. Ukiipeleka shambani, ifukie siku hiyohiyo. Usiiache juu ya udongo kuoka juani.

3. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili, mahindi yanapoihitaji, wala usiimwage yote mbele ya mvua kubwa.

4. Boma la zamani usiliache bure. Chimba samadi yake uipeleke shambani, au panda mboga na nepia hapohapo, mizizi ile kilichomo.

5. Lisha majani yangali machanga, uchanganye na jamii ya kunde kama vile desmodiamu au lusena.

Hakuna hata moja hapo linalotaka mkopo wa benki. Haba na haba hujaza kibaba.

KARATASI ZA KABONI

Kuna jambo jingine linalotaka macho. Katika miaka hii watu wamekuja vijijini na karatasi za mikataba ya kaboni. Husema: panda miti, tunza udongo, nasi tutauza hewa uliyookoa kwa makampuni ya ng'ambo, upate fedha. Si uongo wote. Mwaka 2014 mradi wa magharibi ya Kenya, ulioendeshwa na Vi Agroforestry kwa msaada wa mfuko wa Benki ya Dunia, ulipata hati za kaboni kwa kazi ya wakulima wadogo. Lakini ujue hesabu ilivyofanywa: kwa kuorodhesha kazi walizofanya wakulima na kwa kanuni za kitaalamu za udongo, wala si kwa kuweka mashini katika kila shamba. Hilo si kosa. Haiwezekani kuweka leza katika kila ekari. Ila kanuni ni nzuri kadiri ya vipimo vilivyoizaa. Kama vipimo ni vya mbali, na fedha zitapimwa kwa kipimo cha mbali.

Mwaka 2023 Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa. Miradi ya kaboni ya ardhi, iliyo katika ardhi ya umma au ya jamii, sharti iwe na mapatano na wenyeji, na jamii ipate angalau sehemu 40 katika 100 za mapato ya mwaka uliotangulia. Soma vizuri maneno "ya umma au ya jamii." Wewe wa skimu mwenye hati yako mwenyewe hukutajwa hapo. Ngao yako ni mkataba wako. Basi kabla ya kutia kidole katika wino uliza: Hewa hii imepimwaje? Imepimwa wapi, Kenya au nchi nyingine? Mwaka wa mvua kubwa utahesabiwaje? Hesabu ikirekebishwa, kama ile ya 2006 ilivyorekebishwa 2019, nani atabeba hasara? Mkataba ni wa miaka mingapi, na mwanangu akirithi shamba atafungwa nao? Akishindwa kujibu, mpe chai aende zake. Mbuzi aliye ndani ya gunia hanunuliwi.

WALIO NA MASHAKA

Wako wanaosema kwamba fedha za leza zingefaa kununua dawa za josho na kuajiri mabwana shamba. Neno hilo lina uzito, wala hatulipuuzi. Mashini ya namna hii ni ghali, na mkulima anayekwenda kilomita nyingi kumtafuta daktari wa mifugo ana haki ya kuuliza. Lakini tuone mambo mawili. Kwanza, bila vipimo vyetu tutaendelea kulipa kwa njia nyingine, kwa kuandikiwa madeni yasiyo yetu, na kwa kupunjwa bei ya hewa tuliyookoa. Pili, mashini isiyo na bwana shamba ni pambo. Namba ikikaa Uthiru katika kitabu cha Kiingereza haimfai mama wa Muhoroni aliye na ng'ombe 2. Kwa hiyo jibu letu si mashini peke yake wala bwana shamba peke yake. Mmoja apime, mwingine aeleze.

Wengine husema mwenye makosa ni nchi tajiri na magari ya mjini, siyo sisi. Ni kweli kwamba kaboni dioksidi ya makaa ya mawe na petroli ndiyo iliyo kubwa, na haikuanza Kinangop wala Lugari. Ilikuwa kama chembe 280 katika milioni kabla ya viwanda, sasa imepita 420. Lakini jua kali na mvua isiyojulikana saa yake havitazami mwenye kosa kwanza. Tena kipimo ni cha wote. Leza inayosoma boma lako ndiyo inayoweza kusoma moshi wa Barabara ya Ngong. Mtu wa Woodley akitaka tuzungumze juu ya hewa, tuzungumze, kila mtu na daftari lake mkononi. Na mkulima asiye na daftari atazungumza nini?

TUNALOOMBA

Mwaka 2020 Idara ya Mifugo ilitoa hesabu ya hewa za ng'ombe wa maziwa wa Kenya, kuanzia mwaka 1995 mpaka 2017, ikitazama uzito wa ng'ombe, maziwa yake na chakula chake, badala ya kuzidisha vichwa tu. Hiyo ni njia njema. Twaomba isiishie hapo. Vipimo vifike katika mashamba ya skimu zenyewe, nyanda za juu zenye baridi na bonde lenye joto, si katika viwanja vya utafiti tu. Mkulima aliyepimwa aambiwe matokeo kwa lugha anayoielewa, katika baraza au katika chama chake cha ushirika, kabla hayajapelekwa ng'ambo. Tena watoto wetu wafundishwe kuzitengeneza na kuzisoma mashini hizi, ili fundi asiagizwe kwa ndege kila kioo kinapoingia vumbi.

Wewe nawe una sehemu yako. Mtafiti akibisha hodi akaomba kuweka kisanduku katika nepia yako, mkague barua yake, uulize maswali yako, kisha mwonyeshe mahali. Andika katika daftari siku uliyotia mbolea, kiasi ulichotia, siku iliyonyesha, na lita za kila ng'ombe. Leza yaweza kuona punje moja katika magunia 11, lakini haiwezi kujua ulitia mbolea lini. Hilo unalijua wewe peke yako, na bila neno lako namba yake ni nusu ya habari.